Muulize Fundi wa Boti: Mashine inazima katikati ya bwawa, kabureta haina kosa

Kabla sijaanza kujibu, kuna watu kila mwezi wananiuliza we fundi uko Moshi unatengeneza boti za wapi, za kupandia Kilimanjaro? Haya, bwawa la Nyumba ya Mungu liko hapo chini tu, maji ya Kikuletwa na Ruvu yote yanaingia mle, wavuvi wa perege siku hizi wanafunga mashine nyuma ya mtumbwi, alafu wenzetu wa Arusha wana boti zimelala uani juu ya treila mwaka mzima zinasubiri Desemba zishuke baharini Pangani. Kazi ipo. Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja za petroli kwaiyo nimezikusanya pamoja.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi mvuvi huku Lang'ata, nina mashine HP 15 ya tu-stroku (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli). Inawaka mvuto wa kwanza, inakimbia vizuri kabisa kama dakika kumi hivi alafu inaanza kukohoa inazima. Nikikaa kidogo nikivuta kamba inawaka, dakika kumi tena imezima. Fundi wa huku kashafungua kabureta mara mbili kaiosha, plagi nimebadilisha, hela imeisha na tatizo liko palepale. Juzi imenizimia upepo umeanza nikapiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, pole na viganja. Cha kwanza hiyo kabureta (pale petroli inapochanganyika na hewa) iache ipumzike. Mashine inayowaka vizuri, ikakimbia vizuri, alafu ikafa, na ukiiacha kidogo inafufuka, mara nyingi haiumwi, ina njaa tu, petroli haiifikii. Sasa twende na petroli kuanzia inakotoka, maana sisi mafundi tuna tabia ya kuanzia mwisho wa safari kwa sababu ndo sehemu tunayojua kufungua na ndo yenye hela.

Petroli iko kwenye lile tangi la plastiki. Inavutwa na pampu ndogo iliyobandikwa kwenye mashine, ndani yake ni kipande cha mpira laini kinachochezeshwa na pumzi ya mashine yenyewe, haina nguvu kivile. Ikivuta, mafuta yanapanda kwenye kijiti kilichoingia ndani ya tangi (chini yake kuna kichujio), yanapita kwenye mpira, yanapita kile kibofu cha kuminya kwa mkono, yanafika filta, pampu, kabureta. Lakini kila tone likitoka lazima hewa iingie tangini ishike nafasi yake, na hewa inapitia kale kaskrubu kadogo juu ya mfuniko. Kakifungwa tangi linabaki linanyonywa, pampu inashindana nalo, mwisho inashindwa. Ukipumzika hewa inajipenyeza kidogokidogo pembeni ya mfuniko, ukivuta kamba inawaka, unasema kuna mtu kaniloga.

Na usione aibu, mimi mwenyewe nimeshapigwa na hicho kitu. Tulikuwa bwawani na kijana wangu wa kazi, mashine ikazima hivohivo, mimi fundi mzima nikatoa plagi, nikapuliza, nikapiga brashi, nikarudisha, nikafungua filta, nusu saa nzima jua la saa nane linatuunguza. Kijana akaniuliza taratibu, fundi, mbona tangi limebonyea mashavu kama bibi anayevuta kiko? Kuangalia kweli, limeingia ndani pande zote mbili. Nikalegeza mfuniko likavuta hewa fyuuuu alafu likapiga mlio puh! likarudi umbo lake. Kaskrubu alikuwa kakafunga yeye asubuhi tukiwa kwenye gari petroli isimwagike njiani, na alifanya sahihi kabisa, kosa ni kwamba tulipofika majini hakuna aliyekumbuka kukafungua. Sikumkata hela, ningeanza kujikata mwenyewe.

Kwaiyo siku ikianza kukohoa tena usikimbilie spana. Legeza mfuniko wa tangi, sikiliza. Ukisikia hewa inaingia umeshapata jibu, kama kaskrubu kako wazi na bado inavuta basi kameziba, mara nyingi ni vumbi na oili, kasafishe. Kama siyo hapo shika kile kibofu. Kikiwa kimenywea kama chungwa lililonyonywa, njia imeziba nyuma yake upande wa tangi, angalia kile kichujio cha chini ya kijiti, na mpira wenyewe, kwa sababu mipira ya zamani inachunika ngozi ya ndani wakati nje unaiona nzima inang'aa, ile ngozi ikivutwa inajikunja inafunga njia, ukizima inalala tena. Hiyo haina dawa, kata mpira tupa nunua mwingine. Kama kibofu kiko kawaida ila ukikiminya mashine inafufuka na ukiacha inakufa, basi wewe ndo umekuwa pampu, ile ya kwenye mashine imechoka, mpira wake umepasuka au umekakamaa. Na kama unaminya mpaka vidole vinauma kibofu hakiwi kigumu, kuna mahali panavuta hewa au valvu za kibofu zimekufa. Hapo watu wengi wanapotea njia maana wanatafuta petroli inayodondoka, na hapa haidondoki, njia inanyonya kwaiyo inaingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Angalia klampu zote, alafu ile sehemu mpira unapochomekwa kwenye mashine kuna kapete ka mpira ndani, kakikatika umekwisha.

Hayo yote yakiwa sawa ndo urudi kwa kabureta. Na huyo fundi wako mwambie jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta) hazichokonolewi kwa waya, tundu likipanuka kidogo tu mashine haitakaa sawa tena.

SWALI: Fundi habari. Mimi ni mama wa hapa Majengo, nina mitumbwi miwili vijana wanaifanyia kazi bwawani. Kila mmoja ana kipimo chake cha oili, mmoja anasema kifuniko kimoja kwa lita, mwingine anamimina kwa jicho, na sasa kuna mmoja kaniletea oili ya chenso (msumeno wa mashine) anasema ni ileile tu-stroku ila bei nafuu. Naibiwa au?

JIBU: Nzuri mama. Sitaki kugombanisha watu, ila kumimina kwa jicho ndo kunaua mashine. Nyingi za tu-stroku zinataka 50 kwa 1, yani kila lita ya petroli mililita 20 za oili. Njia rahisi, chupa ya maji ya nusu lita ikijaa oili inatosha dumu la lita 25 sawasawa, dumu la lita 20 ni mililita 400. Mashine mpya kwenye saa zake za kwanza na baadhi ya za zamani zinataka oili zaidi ya hapo, imeandikwa kwenye kitabu chake, na kama kitabu walishafungia maandazi basi angalia kibandiko chini ya kava.

Oili ikipungua pistoni inakauka inang'ang'ania kwenye silinda, hapo unanunua mashine. Ikizidi plagi inajaa masizi, moshi mweupe bwawa zima, mashine inakuwa nzito. Kuchanganya, weka petroli nusu ya dumu, mimina oili yote, funga tikisa, alafu jazia. Mkimwaga oili kwenye tangi lililojaa inatuama chini, mashine inaanza na uji inamalizia na petroli kavu.

Oili ya chenso hapana. Siyo kwamba ni mbaya, chenso inapozwa na upepo inachemka sana na oili yake imetengenezwa kwa moto ule, mashine ya boti inapozwa na maji, inafanya kazi kwa joto la chini, ile oili inaacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Tafuta kopo lililoandikwa TC-W3, hilo ndo la boti. Na siku vijana wakiwa na mashine ya foo-stroku usiwaruhusu kuchanganya chochote, ile oili yake inakaa kwake peke yake kama gari.

Chupa ya kupimia iandike kwa rangi OILI usiiache jikoni. Watoto.

SWALI: Ebana fundi, mi niko Njiro Arusha. Nina boti ya faiba, injini ya petroli iko ndani chini ya kava, tunaishusha Pangani kila mwisho wa mwaka. Sasa hivi nikifungua kava kuna harufu ya petroli, siyo kali, ila ipo. Chalii mmoja fundi magari kaniambia kawaida hiyo, atanibadilishia mipira aweke ya gari, na altaneta imekufa ana ya gari bei poa. Pia kashaset kabureta hapa nyumbani inanguruma safi. Nimruhusu?

JIBU: Mkuu, hapana, na naomba usome hili mpaka mwisho kabla hujawasha kitu.

Harufu siyo kawaida. Kwenye gari petroli ikivuja inadondoka lami, upepo unaondoka nayo, ukimaliza unaosha mikono. Boti ni beseni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu mpaka nne, kwaiyo haupandi, unashuka, unatambaa mpaka chini kwenye ngama pale maji machafu yanapojikusanya, unalala hapo. Na hauhitaji kuwa mwingi, hewa ikiwa na mvuke kama asilimia 1.4 tu tayari inashika. Wala usiseme Arusha kuna baridi, petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Unachobaki kuhitaji ni cheche moja, na cheche inatoka wapi? Kwenye stata. Kwenye altaneta. Na altaneta ndo anayotaka akuwekee huyo rafiki yako.

Altaneta na stata za boti ukiziangalia kwa nje zinafanana na za gari, bei ndo haifanani, na watu wanaona wanaibiwa. Tofauti ni kwamba za boti zimezibwa na kuwekewa wavu ili cheche ya ndani isitoke nje ikakutana na mvuke. Ya gari iko wazi, kwenye gari haina neno. Pampu ya mafuta vilevile, ile ya boti ina ngozi mbili na kakijibomba, ngozi moja ikipasuka petroli inarudishwa kwenye kabureta unaiona, ya gari ikipasuka inamwaga chini. Kabureta hivohivo, ya gari ikifurika inamwagia nje, ya boti imetengenezwa imwagie kooni kwake yenyewe. Na lile kopo la wavu wa chuma juu ya kabureta asije akalitoa akaweka filta ya hewa ya gari ipendeze, lile linazuia moto, injini ikipiga chafya moto unapoa kwenye wavu hautoki.

Mipira sasa. Mpira wa boti umeandikwa ubavuni, tafuta A1. Herufi A maana yake umepimwa kwenye moto ukahimili dakika mbili na nusu, yani unapata muda wa kuruka, na namba 1 maana yake haupitishi mvuke kirahisi. Kwa sababu mpira unaweza usivuje hata tone na bado unatoa mvuke kwenye mwili wake kama jasho. Hivi ndo unapima: chukua kitambaa kikavu safi, uzungushe kwenye mpira, futa kwa kuvuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, alafu toka nje ya boti unuse kitambaa. Kikinuka petroli mpira umekwisha hata kama unaonekana mpya. Mimi natumia kipande cha kanga ya mke wangu, hajui, na hapa hasomi. Ubonyeze pia, ukiwa mgumu kama mti au una nyufa ndogondogo kwenye kona, toa. Mpira wa kujazia mafuta ule mnene nao usisahau, watu wanaangalia mwembamba wanaacha mnene uliojificha nyuma, kule weka klampu mbili kila upande.

Mpaka utakapopata chanzo cha hiyo harufu: toa terminali ya betri (kava likiwa wazi muda mrefu kwanza, ile terminali yenyewe inatoa cheche), boti iwe nje siyo ndani ya banda, hakuna simu kushikwa kule chini, hakuna sigara, hakuna gonga na nyundo, na mtungi wa kuzimia moto wa unga au wa povu uwe karibu na siyo ndani ya boti. Maji usimwagie, petroli inaelea juu yake moto unasafiri nayo. Ukishatengeneza, kila siku kabla ya kuwasha fungua kava, nusa chini kabisa kwa pua yako, alafu washa ile feni ya kutoa hewa dakika 4, hata vibao vya boti vimeandikwa hivo, alafu nusa tena. Feni ni ya kusaidia pua, pua ndo kipimo. Na baada ya kujaza mafuta fanya hivo hivo, wala usikubali abiria wakae ndani wakati wa kujaza.

Kuhusu kabureta kusetiwa Njiro, hapo kuna mtego. Arusha ni kama mita 1400 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwaiyo fundi anapunguza mafuta mpaka inguruma safi. Ukishuka Pangani hewa ni nzito, mafuta yanakuwa machache kwa hewa ile, injini inachemka, na ukiibana mwendo mrefu pistoni inaweza kutoboka. Mwambie arudishe jeti za kiwandani, hapo nyumbani ifuke moshi kidogo hamna shida, itakaa sawa ikifika baharini.

Huyo chalii usimfukuze, anajua injini. Mwambie tu hii ni boti.

SWALI: Fundi mambo. Naitoaje petroli kwenye tangi la boti kama sina pampu, si naweza kuvuta na mpira kwa mdomo kama tunavofanya kwa bodaboda? (Usa River)

JIBU: Usivute. Petroli ikiteleza kwenda mapafuni unaweza kufa hata kwa kiasi kidogo, na mtu akimeza msimtapishe wala msimpe maziwa, kimbizeni hospitali. Kile kibofu cha kuminya kwenye mpira wa boti ndo pampu yenyewe, chomoa upande wa mashine elekeza kwenye dumu, minya. Dumu likiwa chini ardhini siyo juu ya pikapu, na tangi dogo la kubeba hata wakati wa kujaza litoe kwenye boti uliweke chini, mdomo wa bomba la sheli uguse tangi muda wote. Petroli ikitiririka inazaa umeme, juu ya plastiki hauna pa kwenda, mwisho unaruka cheche.

SWALI: Bwawa likifungwa kwa uvuvi mashine yangu inakaa miezi minne. Mwaka jana nilipowasha ikagoma, fundi akasema petroli imeoza. Petroli inaoza? (Pasua)

JIBU: Inaoza kwa namna yake. Ile sehemu nyepesi inayowaka haraka inapaa, inayobaki inakuwa nzito inanuka kama vanishi, kwenye kabureta inakauka inakuwa gundi ya rangi ya chai, ile jeti tundu lake kama sindano itapona vipi. Kabla hujaifungia ndani chomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inaunguruma kwenye pipa la maji, iache imalize yenyewe mpaka izime, alafu fungua kaskrubu ka chini ya kabureta matone ya mwisho yatoke. Nimesema kwenye pipa la maji, usiikaushe bila maji, ile pampu ya maji ya mpira inaungua kwa dakika chache. Tangi la kubeba limwage likae tupu mfuniko umefungwa.

Ukirudi anza na petroli mpya, na kabla ya kuimwaga tangini chukua chupa ya kioo angavu jaza kidogo iache itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, utayaona yamejilaza chini kama shanga. Hasa ukinunua kwa dumu barabarani, pale EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) waliweka vinasaba, yani alama ya kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, lakini dumu la mtu aliyeliacha wazi mvua ya masika ikanyesha halina vinasaba vya kukusaidia. Ile iliyooza usimwage bwawani wala mtaroni, ipeleke gereji wanayokusanya oili chafu.

SWALI: Fundi nilifuata ulivosema mwezi uliopita, nimeweka mpira mpya, kibofu kipya, klampu mpya, kila kitu. Sasa mashine haiwaki KABISA. Kibofu nikiminya kinanywea hakijai tena, na kabureta kavu. Nimekutumia picha.

JIBU: Mangi, picha nimeiona. Kwenye kibofu kuna mshale. Unatakiwa uelekee kwenye mashine, wako unaelekea kwenye tangi. Geuza, alafu ukiminya kisimamishe mshale uangalie juu. Hela ya ufundi ntaikuta kwenye perege.